Vali ya moyo: tusibishanie ukubwa wa kovu, tuulize nani atapima damu Butembo

Jumapili moja mwaka jana familia yetu ilikutana katika komini ya Kimemi, hapa Butembo, kwa kikao cha mchango. Mtoto wa mama mdogo, msichana wa miaka 24 anayeuza vitenge sokoni, alikuwa ameambiwa na daktari kwamba vali moja ya moyo wake imeharibika na lazima ibadilishwe. Mjomba aliweka mezani karatasi mbili za makadirio ya gharama, zote kutoka nje ya nchi. Ya kwanza ilikuwa ya upasuaji wa kawaida wa kufungua kifua. Ya pili ilikuwa ya upasuaji wa tundu dogo, na bei yake ilikaribia mara mbili ya ile ya kwanza.

Tulibishana zaidi ya saa tatu. Mjomba alitaka ya pili. "Huyu bado hajaolewa," alisema. "Hatuwezi kumrudisha na kovu kutoka shingoni hadi tumboni." Shangazi alikubali kuuza kiwanja chake ili pesa itimie. Wengine walionyesha video kwenye simu: mgonjwa wa Ulaya anatembea siku chache baada ya kupasuliwa, anatabasamu, kovu lake halizidi urefu wa kidole. Msichana mwenyewe alikaa kimya karibu muda wote. Mwishoni aliuliza swali moja tu: "Nikishawekewa hiyo vali, nitazaa?"

Hakuna aliyemjibu, kwa sababu hakuna aliyejua. Karatasi zote mbili hazikusema lolote kuhusu uzazi, wala aina ya vali, wala nani atamfuatilia akirudi nyumbani. Zilisema bei, siku za kulazwa na ukubwa wa tundu.

Mimi ni mwandishi wa habari, si daktari. Lakini baada ya kikao kile nilisoma, niliwauliza wenye ujuzi, na nilifuatilia kilichompata binamu yangu aliporudi. Nimefikia msimamo ambao najua hautawapendeza wote: kwa wagonjwa wengi wa vali za moyo wa Butembo na Beni, ubishi wa kovu dogo au kovu kubwa ni jambo la nne au la tano. Mambo ya kwanza hatuyazungumzi, na ndiyo yanayoua.

Njia mbili, kazi ileile

Tuitendee haki kila njia. Katika upasuaji wa kawaida, daktari hukata mfupa wa katikati ya kifua kwa msumeno, kuanzia juu hadi chini, na moyo wote unakuwa wazi mbele yake. Mgonjwa huunganishwa na mashine inayofanya kazi ya moyo na mapafu, moyo husimamishwa, vali mbovu hutolewa na mpya hushonwa mahali pake. Kisha mfupa hufungwa kwa nyaya za chuma. Mwaka 1960, nchini Marekani, daktari Albert Starr alifanikiwa kumwekea mgonjwa vali ya bandia aliyoibuni pamoja na mhandisi Lowell Edwards. Zaidi ya miaka 60 baadaye, kufungua kifua bado ndiyo shule ya kila daktari mpasuaji wa moyo.

Upasuaji wa tundu dogo ulishika kasi katika miaka ya 1990. Badala ya kukata mfupa wote, daktari hupasua sentimita chache kati ya mbavu za upande wa kulia akitafuta vali ya mitrali, au hukata sehemu ya juu tu ya mfupa wa kifua akitafuta vali ya aota. Hutumia vyombo virefu na mara nyingi kamera. Mabomba ya mashine mara nyingi hupitishwa kwenye mishipa ya kinena.

Hapa ndipo wengi wetu tunapodanganyika. Tunadhani tundu dogo ni operesheni ndogo. Sivyo. Moyo husimamishwa vilevile, mashine ni ileile, vali inayoshonwa ni ileile. Kilichobadilika ni mlango wa kuingilia. Na kwa kuwa mlango ni mwembamba, mara nyingi mgonjwa hukaa muda mrefu zaidi kwenye mashine, na daktari anahitaji mazoezi ya miaka kabla ya mkono wake kuzoea.

Kuna njia ya tatu, ambayo ndiyo hasa iliyokuwa kwenye zile video: vali iliyokunjwa hupitishwa kwa mrija mwembamba kupitia mshipa wa paja hadi kwenye moyo unaoendelea kupiga. Alain Cribier aliifanya kwa mara ya kwanza mjini Rouen, Ufaransa, Aprili 2002. Inaitwa TAVI. Imewaokoa wazee wengi duniani ambao vali yao ya aota imekakamaa kwa chokaa ya uzee. Chokaa hiyo ndiyo inayoishika vali mpya isiteleze. Msichana wa miaka 24 mwenye ugonjwa wa vali ya mitrali si mgonjwa wa TAVI. Tulikuwa tunamwonyesha video ya ugonjwa usio wake.

Utafiti unasema nini

Faida za kovu dogo zipo, nami sizikatai. Mfupa wa kifua uliokatwa huhitaji wiki sita hadi kumi na mbili kuunga vizuri. Kwa muda huo mgonjwa haruhusiwi kubeba mzigo. Kwa mji kama wetu, ambako mtu huishi kwa kusukuma chukudu, kubeba magunia ya viazi au kutembea na mtoto mgongoni, miezi mitatu bila kubeba kitu ni miezi mitatu bila mkate. Anayepasuliwa kati ya mbavu hurudi kazini mapema zaidi. Na kovu kifuani kwa mwanamke si jambo la kuchekwa. Mjomba hakuwa mjinga.

Lakini tofauti hiyo ni ya muda gani? Nchini Uingereza watafiti waliwagawa kwa kura wagonjwa 330 waliohitaji kurekebishwa vali ya mitrali: kundi moja lilifunguliwa kifua, la pili lilipasuliwa kati ya mbavu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2023. Wa kovu dogo walitoka hospitali mapema kidogo, siku tano badala ya sita kwa mgonjwa wa katikati. Katika wiki ya sita walikuwa wanajongea zaidi na kulala vizuri zaidi. Kufikia wiki ya kumi na mbili, uwezo wa mwili wa makundi yote mawili ulikuwa sawa. Baada ya mwaka mmoja, ubora wa vali na usalama wa wagonjwa ulikuwa sawa.

Kwa maneno mengine, mikononi mwa madaktari waliobobea, njia zote mbili ni nzuri, na ile ndogo inakupa wiki chache za nafuu. Wiki chache ni kitu. Lakini je, ni kitu cha kuuziwa kiwanja cha shangazi?

Tena wagonjwa wale wa Uingereza walikuwa na vali zilizolegea kwa umri, na wengi wao walikuwa watu wazima wa makamo na wazee. Wetu ni tofauti kabisa.

Wagonjwa wetu ni vijana

Ugonjwa unaoharibu vali za vijana wetu huanzia kooni. Mtoto anapata homa ya koo, ile tunayoiita anjini. Kijidudu kinachoitwa streptokoki kikiachwa bila dawa, kwa baadhi ya watoto kinga ya mwili inachanganyikiwa na kushambulia viungo na moyo. Hiyo ndiyo homa ya baridi yabisi. Magoti yanavimba, yanapona, mama anamshukuru Mungu na kusahau. Ikirudi mara ya pili na ya tatu, vali za moyo zinapata makovu, zinakuwa nene, zinashikana au zinashindwa kufunga. Miaka kumi baadaye msichana anaanza kuhema akipanda mlima. Wengine hugunduliwa wakiwa wajawazito, moyo unapozidiwa na mzigo wa damu.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu milioni 55 duniani wana ugonjwa huu, na kwamba unaua takriban watu 360,000 kila mwaka. Nchi tajiri zimeusahau. Utafiti mkubwa uitwao REMEDY, uliofuatilia wagonjwa 3,343 katika nchi 12 za Afrika pamoja na India na Yemen, ulionyesha sura yake halisi: umri wa katikati ulikuwa miaka 28, wawili kati ya watatu walikuwa wanawake, na ndani ya miaka miwili karibu 17 kati ya kila 100 walikuwa wamekufa.

Ugonjwa huu hupenda msongamano. Tangu elimu ya msingi ilipotangazwa kuwa bure mwaka 2019, madarasa yetu yamejaa. Tangu vita vilipozidi, nyumba moja ya Beni au ya Butembo inaweza kulaza familia tatu, moja yenyeji na mbili za wakimbizi. Watoto wanalala kitanda kimoja na kukoholeana usoni. Anayejua ugonjwa huu anajua kwamba kesho tutakuwa na wagonjwa zaidi wa vali.

Na mgonjwa wetu akifika kwa daktari, amechelewa. Moyo umeshapanuka, vali zilizoharibika mara nyingi ni mbili, na makovu ni mengi. Kwa moyo wa namna hiyo, madaktari wengi hupendelea kufungua kifua chote, kwa sababu wanahitaji nafasi na wanahitaji kumaliza haraka. Siyo kwamba wanatudharau. Njia ya kizamani ndiyo salama zaidi hapo.

Swali la binamu yangu lilikuwa swali la kwanza

Sasa turudi kwenye lile swali lililokosa jibu. Vali za bandia ziko za aina mbili kuu. Kuna ya mekanika, iliyotengenezwa kwa kaboni ngumu na metali. Hudumu miaka mingi sana, lakini damu hupenda kuganda juu yake, kwa hiyo mgonjwa lazima ameze dawa ya kuzuia damu isigande, warfarini au Sintrom, kila siku hadi kufa. Na kuna ya mnyama, iliyotengenezwa kwa vali ya nguruwe au ngozi laini inayozunguka moyo wa ng'ombe. Waislamu na Waadventista wengine hupenda kuuliza ni ya mnyama gani, na wana haki ya kuuliza. Hii haihitaji warfarini ya maisha kwa wengi, lakini huchakaa, na kwa vijana huchakaa haraka zaidi, mara nyingi kabla ya miaka kumi na mitano. Maana yake ni upasuaji wa pili.

Kwa mwanamke anayetaka kuzaa, uchaguzi huu ni mzito kuliko ukubwa wa kovu lolote. Warfarini inaweza kumdhuru mtoto tumboni, hasa katika miezi mitatu ya kwanza, na mimba juu ya vali ya mekanika ni hatari kwa mama mwenyewe. Vali ya mnyama inampa nafasi nzuri zaidi ya kuzaa, lakini inamwahidi kisu kingine akiwa bado na watoto wadogo. Hakuna jibu rahisi. Ndiyo maana mgonjwa mwenyewe lazima aulizwe kabla ya kulazwa, akiwa na akili timamu, si mjomba wake.

Binamu yangu hakuulizwa. Mwishowe tulichagua ile karatasi ya kwanza. Hatukuichagua kwa busara: mnunuzi wa kiwanja alijiondoa tu. Upasuaji ulikwenda vizuri. Alirudi na vali ya mekanika, mfuko wa vidonge vya warfarini na karatasi ya Kiingereza ambayo nilimsomea mimi.

Kurudi nyumbani ndiko kugumu

Warfarini ni dawa ya kamba nyembamba. Ikizidi, damu inavuja. Ikipungua, damu inaganda kwenye vali, na bonge likiruka kichwani ni kiharusi. Ili kujua uko wapi, unapimwa damu kipimo kiitwacho INR. Kwa vali ya mekanika ya mitrali, namba inatakiwa iwe kati ya 2.5 na 3.5. Mwanzoni unapimwa kila wiki, baadaye angalau kila mwezi, maisha yote.

Dawa hii inagombana na mambo mengi. Sombe na lengalenga zina vitamini inayoidhoofisha. Mgonjwa hakatazwi kula sombe, lakini anatakiwa ale kwa kiasi kilekile wiki hadi wiki, asile sufuria nzima siku za arusi kisha akae mwezi bila jani. Antibiotiki nyingi huipandisha. Dawa za maumivu kama diklofenaki, zinazouzwa kwenye kila farmasia bila kuulizwa, huongeza hatari ya kuvuja damu. Mitishamba ya kienyeji haijulikani inafanya nini.

Miezi mitatu baada ya kurudi, binamu yangu alienda kupima INR mahali alipoelekezwa. Aliambiwa kemikali ya kipimo imeisha, arudi wiki ijayo. Wiki ijayo aliambiwa hivyohivyo. Katikati ya hapo aliumwa jino, akanunua dawa ya maumivu na antibiotiki kwa mwuza dawa wa mtaani. Usiku mmoja pua ilianza kutoka damu na haikukoma hadi asubuhi. Tulipopata mahali pa kupima, namba ilikuwa imepita sita. Alipona. Sitaji mahali popote, kwa sababu kosa si la muuguzi mmoja aliyekosa kemikali. Wengine hawakupona, nao hatuwasikii, kwa sababu kiharusi cha msichana mitaani kwetu huitwa uchawi.

Tofauti ya bei kati ya zile karatasi mbili, ile pesa tuliyotaka kulipia kovu dogo, ingetosha kununua vipimo kadhaa vidogo vya INR vya mkononi, vinavyotumia tone la damu ya kidole kama vile vya sukari.

Mtu anaweza kusema kuna dawa mpya za kuzuia damu kuganda ambazo hazihitaji kupimwa. Zipo. Lakini haziruhusiwi kwa mwenye vali ya mekanika. Hata kwa wagonjwa wa baridi yabisi wenye mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, utafiti wa INVICTUS, uliochapishwa mwaka 2022 na uliohusisha watu zaidi ya 4,500, ulionyesha kwamba waliotumia dawa za jamii ya warfarini walikufa wachache kuliko waliopewa rivaroksabani. Hatuna njia ya mkato. Lazima tujifunze kupima.

Njia isiyo na kisu tunayoisahau

Kama tunataka kweli upasuaji usioacha kovu, upo mmoja unaowafaa vijana wetu wengi, na hakuna aliyetuonyesha video yake. Vali ya mitrali ikiwa imeshikana lakini haijaharibika sana, daktari anaweza kupitisha mrija kwenye mshipa wa paja, kufikisha baluni kwenye vali na kuipanua ifunguke. Kanji Inoue wa Japani na wenzake waliichapisha mbinu hiyo mwaka 1984. Hakuna kifua kinachofunguliwa, hakuna vali ya bandia, hakuna warfarini kwa sababu ya vali. Msichana anaweza kukaa miaka mingi kabla ya kuhitaji upasuaji, na katika miaka hiyo anaweza kuzaa.

Sharti lake ni moja: agunduliwe mapema, kabla vali haijawa kama ganda kavu. Ili agunduliwe mapema, lazima kuwe na ekografi ya moyo karibu na mtu anayejua kuisoma. Binamu yangu alihema kwa miaka minne akitibiwa pumu. Alipopigwa ekografi, muda wa baluni ulikuwa umepita.

Pesa za ng'ambo, sindano za nyumbani

Katika miji yetu miwili hakuna chumba cha upasuaji wa moyo wazi, na sidai kijengwe kesho. Nchi jirani zipo. Kampala kuna Taasisi ya Moyo ya Uganda, ndani ya eneo la Mulago. Dar es Salaam kuna Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyofunguliwa mwaka 2015, nayo hupokea pia wagonjwa wa nchi jirani. Kutoka Butembo hadi Beni ni kilomita 54, kutoka Beni hadi Kasindi 80, na kutoka mpakani hadi Kampala ni zaidi ya 400. Barabara hiyo imo katika mradi wa kilomita 223 ambao Kongo na Uganda walizindua Juni 2021. Najua usalama wake. Najua waliochomwa ndani ya magari. Lakini mgonjwa anayefuatiliwa Kampala anaweza kurudi kwa daktari wake kwa basi. Aliyepasuliwa bara lingine hawezi, na mara nyingi hata simu yake haipokelewi.

Na kabla ya upasuaji wowote kuna sindano. Benzathini penisilini, ambayo wengi mnaijua kwa jina la Extencilline au Penadur, ikidungwa kila wiki tatu au nne, humzuia mtoto aliyewahi kuugua homa ya baridi yabisi asiugue tena. Uganda, hapo jirani tu, ilifanyika tafiti ya watoto na vijana 818 ambao ekografi ilionyesha dalili za mwanzo kwenye vali zao. Nusu walipata sindano kila wiki nne, nusu hawakupata. Baada ya miaka miwili, katika kundi la sindano waliozorota walikuwa 3. Katika kundi lingine walikuwa 33. Matokeo hayo yalitangazwa Novemba 2021. Kutoka uwanda wa Kasindi unaiona Uganda kwa macho. Habari hiyo ilipaswa kuwa imevuka mpaka zamani, pamoja na sabuni na mafuta.

Wengine wataniambia: ndugu, watu wanachinjwa mashambani, jimbo liko chini ya utawala wa kijeshi tangu Mei 2021, Goma imeanguka, serikali ya jimbo imehamia Beni, nawe unaleta habari za vali na sindano? Ndiyo, ninazileta, na nitawakumbusha jambo moja. Kati ya Agosti 2018 na Juni 2020 tulipigana na Ebola katika vita hivihivi. Watu 2,287 walikufa. Vituo vya matibabu vilichomwa, wahudumu waliuawa. Hata hivyo watu zaidi ya 300,000 walichanjwa, kwa chanjo inayotakiwa kuhifadhiwa kwenye baridi ya nyuzi 60 chini ya sifuri au zaidi. Vijana wetu waliibeba kwa pikipiki hadi vijijini. Penisilini ya unga haihitaji hata friji. Kama tuliweza ile, kushindwa hii ni uamuzi tu.

Wengine wataniambia ninawaambia maskini waridhike na kovu kubwa na kuwaachia matajiri kovu dogo. Hapana. Ikiwa familia ina uwezo, na daktari aliyebobea amesema moyo huu unafaa njia ndogo, na hospitali hiyo huifanya mara kwa mara, basi wafanye, na Mungu awabariki. Ninachokataa ni kuuziwa tundu kama tunavyouziwa simu, toleo jipya ndilo bora, huku mnunuzi haulizwi kama ana umeme wa kuichaji.

Tufanye nini

Kwa familia zilizo mbioni kuchangisha, naomba mwende kwa daktari na maswali haya kabla ya kuuza chochote. Vali inaweza kupanuliwa kwa baluni au kurekebishwa badala ya kubadilishwa? Ikibadilishwa, itakuwa ya mekanika au ya mnyama, na mgonjwa mwenyewe ameelezwa maana yake kwa uzazi na kwa kazi yake? Daktari huyu amefanya operesheni ngapi za njia anayotuuzia? Akirudi, atapimwa INR wapi, kila baada ya siku ngapi, na dawa itanunuliwa na nani mwaka wa tano? Swali la kovu liulizwe mwisho. Katika mchango wowote, tengeni fungu la miaka miwili ya vidonge na vipimo kabla ya kununua tiketi.

Kwa idara ya afya ya jimbo, mahitaji si ya kutisha: warfarini na kemikali ya INR zisiishe katika angalau hospitali moja ya Butembo na moja ya Beni, benzathini penisilini ipatikane katika kila kituo cha afya pamoja na muuguzi asiyeogopa kuidunga, daftari la wagonjwa wa vali liandikwe, ili anayekimbia Oicha au Lubero usiku ajulikane anakofika. Kwa Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben na vyuo vingine vya tiba: wafundisheni madaktari vijana ekografi ya moyo, na wapelekeni mashuleni.

Kwa wafanyabiashara wa Butembo, ambao mji huu unajisifia jinsi wanavyoweza kuchangia barabara na majengo bila kusubiri Kinshasa: kipimo cha INR ni bei ndogo kuliko kontena moja la bidhaa. Wekeni jina lenu juu yake mkitaka.

Binamu yangu amerudi sokoni. Kovu lake limepona na kuwa mstari mwembamba. Anavaa kitenge cha shingo ya juu Jumapili, siku nyingine hajali. Hapimwi tena hapa mjini kwa kubahatisha: kila mwezi tunamchangia nauli aende mahali ambapo kipimo hakikosekani, na wakati mwingine barabara inafungwa na mwezi unapita. Mwezi uliopita aliniuliza tena kama atazaa. Nilimwambia amwulize daktari wake kabla ya kuolewa, si baada, na nikamwandikia maswali kwenye karatasi. Hayo ndiyo maswali yaliyopaswa kuwa mezani siku ile.